Kupima fangasi kwa damu: mwongozo kamili kwa maabara za Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Fomu ikifika dirishani imeandikwa "damu: pima fangasi", mtu wa maabara hana la kufanya nayo. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha fangasi wote. Kuna cha kriptokokasi, kuna cha kandida, kuna cha aspajilasi, kuna cha histoplasma, na kila kimoja kina chupa yake, muda wake na namna yake ya kudanganya. Kwa hiyo kazi inaanza kabla sindano haijaguswa: tabibu aandike jina la fangasi anayemshuku, dalili na siku zilipoanza, CD4 (hesabu ya chembe za kinga ambazo VVU huziua) kama inajulikana, na dawa za fangasi ambazo mgonjwa ameshameza.

Tuondoe njiani kwanza yale yasiyohitaji damu kabisa. Choa, mba, mashilingi ya kichwani kwa watoto wa shule, kucha zilizooza, utando mweupe mdomoni, muwasho wa ukeni: fangasi hawa wanakaa juu ya ngozi na utando, hawaogelei kwenye damu. Unakwangua magamba kwa ubapa wa kisu butu, unaweka tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, unasubiri dakika 10 hadi 20, unaangalia kwa darubini. Ukeni, tone la uchafu na maji ya chumvi vinatosha. Zipo maabara mjini zinazouza kipimo cha kingamwili za kandida kwa mtu mwenye muwasho au uchovu. Kandida huishi matumboni mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru, na kingamwili zake zikionekana hazithibitishi ugonjwa. Hizo ni pesa zimepotea, na mbaya zaidi, mtu huondoka na karatasi inayosema ana "fangasi kwenye damu" na kuanza kumeza flukonazoli, dawa ya fangasi, miezi kadhaa.

Ugonjwa wa ndani ndio unaodai damu. Na damu hujibu kwa njia tatu. Antijeni ni kipande cha fangasi mwenyewe kinachoelea kwenye damu. Kikionekana, fangasi yupo au alikuwepo miezi ya karibuni. Kingamwili ni majibu ya mwili, huchukua wiki kadhaa kujengeka, na mgonjwa ambaye kinga yake imeporomoka huenda asizitengeneze kabisa. Kuotesha ni kumkamata fangasi akiwa hai. Ukichanganya haya matatu, utamwambia mgonjwa wa VVU mwenye CD4 ya 30 kuwa hana ugonjwa kwa sababu kingamwili hazikuonekana.

CrAg, antijeni ya kriptokokasi: kipimo cha kujua vizuri kuliko vyote

Ukanda wa ziwa, kuanzia Kisumu na Siaya hadi Homa Bay, umebeba mzigo mkubwa wa VVU, na fangasi anayeua zaidi wagonjwa hao ni kriptokokasi. Anaingia kwa hewa kutoka kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, anatulia mapafuni, kinga ikianguka anapanda ubongoni. Antijeni yake huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Hiyo nafasi ya wiki chache ndiyo sababu ya kipimo hiki kuwepo.

Mpime kila mtu mzima au kijana mwenye VVU ambaye CD4 yake iko chini ya 200, iwe ni mgonjwa mpya, aliyeacha dawa akarudi, au ambaye dawa zimeshindwa. Usingoje dalili. Watoto wadogo hawapimwi kwa desturi wakiwa hawana dalili. Mwenye maumivu ya kichwa yasiyokoma, shingo ngumu, kuona vitu viwiliviwili au kuchanganyikiwa, huyo apimwe leo hata kama CD4 haijajulikana.

Njia rahisi kuliko zote ni kutumia chupa ileile ya CD4, yenye kifuniko cha zambarau. Mgonjwa hachomwi mara mbili, na maabara haisubiri tabibu akumbuke kuagiza. Zingatia mpangilio tu: CD4 kwanza, kwa sababu mashine inataka damu nzima iliyochanganyika, kisha zungusha, chukua plazima, pima CrAg. Ukizungusha kwanza umeharibu CD4.

Sentrifuji: nguvu ya takriban 1,500 g kwa dakika 10. Mashine nyingi za mezani zinaonyesha mizunguko kwa dakika, si g, na hapo ndipo watu hukosea. Pima kwa rula kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye kitako cha chupa ikiwa imelala kama inavyolala ikizunguka. Kama ni sentimita 15, mizunguko 3,000 inakupa karibu 1,500 g. Kama ni sentimita 10, mizunguko hiyohiyo inakupa karibu 1,000 tu, na plazima itabaki na chembe zinazochafua kikaratasi. Ukitumia chupa ya kifuniko chekundu, iache isimame dakika 30 damu igande kabisa kabla ya kuzungusha. Ukiharakisha, nyuzi za mgando huziba ncha ya pipeti na unachukua pungufu bila kujua.

Plazima au seramu ikichelewa, iweke kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 kwa muda usiozidi saa 72. Zaidi ya hapo igandishe. Sampuli inayotoka Ahero kwa bodaboda kwenda Kisumu haihitaji barafu kwa safari hiyo, inahitaji kivuli; sanduku jeusi juu ya tenki la pikipiki saa nane mchana ni jiko.

Sasa kipimo chenyewe. Hatua zifuatazo ni za vikaratasi vya CrAg vya kampuni ya IMMY. Ukiwa na aina nyingine, fuata karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi, hata kama inafanana.

Vikaratasi hukaa kwenye kopo lenye kikausha unyevu, nyuzi 20 hadi 25. Hapa hali ya hewa inaingia maabara. Kisumu, kabati lililo chini ya paa la mabati hupita nyuzi 30 kila mchana. Weka kipimajoto ndani ya kabati lenyewe, si ukutani karibu na mlango, na uhamishie boksi kwenye chumba kilicho baridi zaidi. Nakuru tatizo ni kinyume chake: asubuhi ya Julai chumba kinaweza kuwa chini ya nyuzi 15, maji hupanda polepole, na kikaratasi kisichopewa nafasi ya kupata joto la chumba husomwa kabla hakijamaliza. Popote ulipo, chukua kikaratasi kimoja, funika kopo papo hapo. Unyevu wa ziwa ukiingia, vikaratasi vilivyobaki hunyonya vibaya, na huo ni uharibifu usioonekana kwa macho.

Andika namba ya mgonjwa kwenye mrija mdogo. Dondosha tone 1 la kimiminika cha kuzimulia; shika chupa yake wima kabisa, maana ikiinama tone hupungua. Ongeza mikrolita 40 za plazima, seramu, damu nzima au maji ya uti wa mgongo kwa pipeti. Changanya kwa kugonga mrija kidogo. Tumbukiza ncha nyeupe ya kikaratasi, weka saa ya dakika 10, ondoka. Usikitoe mapema ukitazame halafu ukirudishe.

Pamoja na sampuli endesha vidhibiti viwili: mrija wenye tone 1 la kimiminika na tone 1 la kidhibiti chanya, na mrija wenye matone 2 ya kimiminika peke yake. Fanya hivyo kila boksi jipya linapofunguliwa, na kila siku maabara yako inapopima sampuli chache kiasi kwamba huwezi kuona mwenendo. Kidhibiti chanya kisipotoa mistari miwili, tupa majibu yote ya siku hiyo, hata yale yaliyoonekana mazuri.

Kusoma: mistari miwili ni chanya. Mstari mmoja, ule wa udhibiti, ni hasi. Bila mstari wa udhibiti kipimo ni batili, rudia. Mstari wa pili ukiwa hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa, bado ni chanya. Watu huandika "hafifu, rudia baada ya mwezi". Mwezi huo mgonjwa anaweza kufa. Andika chanya, rudia kwa kikaratasi kingine siku hiyohiyo kama una wasiwasi, na pima ukali wake kama ifuatavyo. Jambo moja la kitabia: soma chini ya taa nyeupe, si dirishani jua likichomoza nyuma ya kikaratasi, mistari hafifu hupotea hapo.

Kuna hasi ya uongo ambayo huwatega hata wazoefu. Antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi, hujaza kila nafasi ya kingamwili zilizo kwenye kikaratasi kwa namna ambayo mstari haufanyiki, au unakuwa hafifu mno. Mgonjwa ana dalili zote, jibu ni hasi. Zimua sampuli mara 100 (mikrolita 10 ndani ya mikrolita 990 za kimiminika hichohicho) urudie. Kama mstari sasa umewaka, umemkamata.

Kwa upande mwingine, fangasi wa kundi la Trichosporon wanaweza kuwasha mstari bila kriptokokasi kuwepo. Ni nadra, na siyo sababu ya kumrudisha mtu nyumbani.

Kupima ukali wa CrAg

Ukali ni kiasi ambacho sampuli inaweza kuzimuliwa na bado ikatoa mistari miwili. Hii haihitaji mashine, inahitaji mkono mtulivu. Panga mirija 10, iandike 1 hadi 10. Mrija wa kwanza uweke matone 4 ya kimiminika cha kuzimulia sampuli. Mirija 2 hadi 10 weka kila mmoja matone 2, yaani mikrolita 80, za kimiminika cha kuzimulia mfululizo; ni chupa tofauti ndani ya boksi hilohilo, usizibadilishane. Tia mikrolita 40 za sampuli kwenye mrija 1, changanya. Sasa una 1:5. Badilisha ncha ya pipeti. Chukua mikrolita 80 kutoka mrija 1 peleka mrija 2, changanya, ni 1:10. Endelea hivyo, ncha mpya kila hatua, hadi mrija 10 ambao ni 1:2560, kisha utoe na kutupa mikrolita 80 ili kiasi kilingane. Kikaratasi kimoja kila mrija, dakika 10. Jibu ni mrija wa mwisho wenye mistari miwili.

Kosa la kawaida ni kutobadilisha ncha. Tone dogo la 1:5 lililonata ndani ya ncha huingia hadi mrija wa saba na jibu hupanda maradufu bila sababu. Ukiona mirija yote 10 inawaka kwa nguvu ileile, shuku ncha kabla ya kushuku mgonjwa.

Namba inayobadilisha uamuzi ni 1:160. Kuanzia hapo kupanda, uwezekano wa fangasi kuwa tayari ubongoni ni mkubwa hata kama mgonjwa anatembea na kucheka. Ila kila mwenye CrAg chanya kwenye damu, awe na ukali wowote, anastahili kutolewa maji ya uti wa mgongo na kupimwa, kwa sababu damu peke yake haisemi fangasi amefika wapi. Simu kwa tabibu ipigwe siku hiyohiyo, na saa ya simu iandikwe kwenye daftari. Jambo lingine tabibu analopaswa kusikia kabla hajamwanzishia mgonjwa dawa za VVU: ikiwa ubongo umeguswa, dawa hizo husubiri wiki 4 hadi 6 tangu matibabu ya fangasi yaanze.

Usitumie CrAg kuangalia kama dawa inafanya kazi. Antijeni hubaki kwenye damu kwa miezi mingi baada ya fangasi kufa. Mgonjwa wa zamani akirudi na maumivu ya kichwa, CrAg yake chanya haikwambii kitu. Kinachohitajika ni kuotesha maji ya uti wa mgongo.

Kuotesha damu kwa ajili ya kandida

Hapa mgonjwa ni mwingine kabisa: yuko wodini, ana mpira wa mshipa mkubwa shingoni au kinenani, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, ni mtoto njiti, au amekaa wiki mbili kwenye viuavijasumu na homa haishuki. Fahamu mapema kwamba kuotesha damu hukosa karibu nusu ya wagonjwa wenye kandida ya ndani. Damu ikiwa kidogo hukosa zaidi, na hilo ndilo tunaloweza kulirekebisha.

Mtu mzima: mililita 8 hadi 10 kila chupa, seti mbili au tatu, kutoka mishipa tofauti. Mtoto mdogo: mililita 1 hadi 3 kwenye chupa ya watoto. Weka alama ya kalamu kwenye chupa kabla ya kuchoma, juu ya kimiminika kilichomo, ili ujue pa kusimama. Chupa zinazofika zikiwa na mililita 3 za mtu mzima ni nyingi ajabu, na hakuna mashine inayofidia hilo.

Paka ngozi kwa spiriti ya asilimia 70, kisha klorheksidini ya asilimia 2 ndani ya spiriti, sugua sekunde 30, iache ikauke yenyewe. Muda huo wa kukauka ndio unaoipa dawa nafasi ya kuua vijidudu. Kufuta kwa pamba ni kuirudisha kazi nyuma. Usipapase mshipa tena baada ya hapo. Futa kifuniko cha mpira cha chupa kwa spiriti pia, maana chini ya kile kikofia cha plastiki si pasafi. Chukua damu kabla ya dozi ya kwanza ya dawa ya fangasi. Kama mgonjwa ana mpira wa mshipa, chukua seti moja kupitia mpira na nyingine mkononi, uandike ipi ni ipi.

Chupa ya kuotesha haiingii friji. Kamwe. Iache joto la chumba na ifike maabara ndani ya saa 2 hadi 4. Tumeona friji ya wodi ikiwa na chupa tatu za tangu Ijumaa, zimepangwa vizuri kama maziwa.

Penye mashine ya kuotesha, siku 5 zinatosha kwa kandida. Nyingi huonekana kati ya siku ya 1 na ya 3. Pasipo mashine, chupa hukaa kwenye inkubeta ya nyuzi 35 hadi 37 na kukaguliwa kila siku, lakini usitegemee macho: kandida mara nyingi haichafui kimiminika. Toa tone bila kungoja dalili, baada ya saa 24 na tena siku ya mwisho, ulipande kwenye sahani ya agari ya Sabouraud.

Chupa ikionyesha kuna kinachoota, paka slaidi na uitie rangi ya Gram. Kandida huonekana ya zambarau iliyokolea, yenye umbo la yai, kubwa kuliko bakteria mara kadhaa, nyingine zikiwa na chipukizi pembeni kama hamira iliyoanza kuumuka. Anayesoma kwa haraka huziita "koki kubwa" au hudhani ni rangi iliyoganda. Ukiona chipukizi, basi. Piga simu saa hiyohiyo, usingoje jina kamili. Wala usiandike "huenda ni uchafu wa ngozi". Bakteria fulani za ngozi huchafua chupa kweli, lakini kandida ndani ya damu huhesabiwa ugonjwa hata ikiota kwenye chupa moja kati ya nne. Baada ya hapo damu huoteshwa tena kila siku au siku mbili hadi iwe safi, kwa sababu matibabu huhesabiwa siku 14 kuanzia chupa ya kwanza iliyokuwa hasi.

Kama chembe ni za mviringo kabisa zilizoachana, na ukiongeza wino wa India unaona duara jeupe pana kuzunguka kila moja, hiyo si kandida: kriptokokasi ameingia damuni. Kipimo cha urea kitageuka waridi.

Mrija wa chipukizi: jina la kandida kwa saa tatu

Kipimo hiki cha zamani hakigharimu karibu chochote na bado kinasaidia. Unatumia seramu ya binadamu iliyokwisha kupimwa VVU na homa ya ini, au bora zaidi seramu ya ndama. Weka mililita 0.5 kwenye mrija. Gusa koloni changa, ya saa 24 hadi 48, kwa ncha ya kitanzi, iwe ni mguso tu. Ukitia nyingi zinabanana na hazitoi chochote, na hiyo ndiyo sababu kuu ya hasi ya uongo. Weka nyuzi 37 kwa saa 2 hadi 3. Kisha tone kwenye slaidi, lenzi ya 10, halafu 40.

Unatafuta kimrija kilichonyooka kinachotoka kwenye chembe bila kubanwa shingoni. Kikiwa kimebanwa pale kinapotokea, kama soseji iliyofungwa kamba, huo si mrija wa chipukizi, na aghalabu ni Candida tropicalis. Ukipita saa 3, aina nyingine nazo huanza kutoa vinavyofanana, kwa hiyo saa ya ukutani ni sehemu ya kipimo. Endesha pembeni, kama vidhibiti, Candida albicans inayojulikana na Candida tropicalis inayojulikana.

Chanya: andika Candida albicans, ukijua Candida dubliniensis hutoa jibu lilelile. Hasi: andika "kandida isiyo albicans", peleka kwenye maabara ya rufaa kwa jina kamili na unyeti wa dawa. Hapa usilegee, kwa sababu ndani ya hasi hizo anaweza kuwemo Candida auris, ambaye amekwisha kupatikana Kenya, kwa kawaida hasikii flukonazoli, hustawi hata kwenye nyuzi 42, na hukaa kwenye reli za vitanda. Mashine za zamani za kutambua kwa kemikali zimewahi kumwita Candida haemulonii. Jina hilo likitoka, mtenge mgonjwa kwanza, uthibitishe baadaye.

Kikohozi kisichoisha baada ya TB

Mgonjwa amemaliza dawa za kifua kikuu. Miezi mitatu au zaidi anakohoa, anakonda, mara nyingine anatema damu. GeneXpert, kipimo cha TB, inasema hakuna, picha ya kifua ina tundu, pengine na donge ndani yake. Wengi hurudishiwa dawa za TB. Kipimo cha kuomba ni kingamwili za IgG dhidi ya aspajilasi, kwa seramu ya chupa nyekundu. Ugonjwa huu wa mapafu hukubaliwa mambo matatu yakikutana: dalili za miezi 3 na zaidi, picha inayolingana, na ushahidi wa aspajilasi. IgG ndiyo ushahidi mzuri zaidi kwa damu. Jibu chanya bila picha ya kifua halina uzito.

Ikipimwa kwa ELISA, njia ya rangi kwenye sahani yenye vishimo, mahali panapoharibika ni kuosha. Vishimo visipooshwa vizuri vikabaki na kemikali za kipimo, rangi hupanda kila mahali na wote wanakuwa chanya. Pindua sahani, igonge juu ya karatasi kavu hadi isiache alama. Na mgonjwa mwenye CD4 ya chini kabisa anaweza kukosa IgG huku mapafu yanaliwa.

Galaktomanani ni kitu kingine. Ni antijeni ya aspajilasi kwa mgonjwa wa saratani ya damu ambaye chembe nyeupe zimeisha; kwa yule wa baada ya TB haina faida kubwa kwenye damu. Mikrolita 300 za seramu huchanganywa na mikrolita 100 za kimiminika cha matayarisho, huchemshwa kisha huzungushwa kwa nguvu, ili protini zinazoikumbatia antijeni ziachie. Ukiruka kuchemsha, jibu linaweza kuwa hasi ya uongo. Kiwango cha 0.5 kwenda juu huhesabiwa chanya na hurudiwa kwa sampuli mpya kabla ya kuaminiwa.

Histoplasma, na mtego wa kala-azar

Homa ndefu, kukonda, wengu na ini kuvimba, damu kupungua, vidonda vya ngozi, na TB haionekani: mfikirie histoplasma, hasa kwa mwenye VVU. Antijeni yake hupimwa kwa mkojo na kwa damu, na mkojo kwa kawaida hukamata zaidi, kwa hiyo omba vyote viwili. Kuotesha huchukua wiki 4 hadi 6.

Kabla sampuli haijasafiri, kuna la kufanya mezani. Zungusha damu ya chupa ya zambarau, nyonya ule utando mweupe mwembamba kati ya plazima na chembe nyekundu, upake slaidi, rangi ya Giemsa, lenzi ya mafuta. Ndani ya chembe nyeupe tafuta vidoa vya mikromita 2 hadi 4 vyenye ukingo mweupe. Kwa maabara zinazopokea wagonjwa wa Baringo na West Pokot, ambako kala-azar, ugonjwa wa kimelea cha lishimania, ipo, angalia mara mbili: lishimania ina kiini na pembeni yake kijiti kidogo cha rangi iliyokolea. Histoplasma haina kijiti. Dakika tano za ziada kwenye lenzi huamua dawa mbili tofauti kabisa.

Beta-D-glukani

Hii ni sukari ya ukuta wa fangasi wengi; kipimo chake ndicho kilicho karibu zaidi na "kipimo cha fangasi wote", na ndiyo maana hutumiwa vibaya. Hakimwoni kriptokokasi, wala fangasi wa kundi la mukori. Kwa kipimo cha Fungitell, chini ya pikogramu 60 kwa mililita ni hasi, 60 hadi 79 ni katikati, 80 na zaidi ni chanya. Albumini ya dripu, shashi za upasuaji na baadhi ya vichujio vya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo vyote huipandisha. Faida yake kubwa iko kwenye hasi: mgonjwa wa VVU anayehema kwa shida, jibu likiwa hasi, nimonia ya fangasi wa pneumosistisi haielekei kuwepo.

Sampuli yake igawanywe kwanza kabla ya kipimo kingine chochote, kwa ncha na mirija isiyo na glukani, kwenye mrija uliofungwa. Chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa vipimo vya ini haifai tena. Vumbi la karatasi na pamba vina glukani pia.

Jibu linavyoandikwa

Taja fangasi, aina ya sampuli, njia, namba, na saa. "CrAg, plazima, kikaratasi: CHANYA, 1:320. Tabibu amepigiwa 11:40. Maji ya uti wa mgongo yanashauriwa." Hasi nayo iandikwe kwa ukamilifu: "CrAg hasi; kandida, aspajilasi na histoplasma havikupimwa." Mstari huo wa mwisho huzuia mtu wa wodini asisome karatasi na kumwambia mgonjwa kwamba hana fangasi.